K Iliyobaki Wazi

Kengele ya kutoka shule ilipolia, wenzake walikimbilia uwanjani. Kasuku hakuwafuata. Alikata kona penye duka la viatu, akapita kwenye uchochoro wenye mfereji, akatokea karakana ya mjomba wake. Huko alivua sweta ya shule, akajifunga kitambaa kichwani, akachukua tambara na kufuta kompyuta. Ilibidi kuifuta kila siku, maana vumbi la mawe halikuwa na adabu. Liliingia kwenye kibodi, kwenye chai, hata ndani ya masikio ya watu.

Karakana hiyo ilitengeneza vibao vya maduka, namba za nyumba na mawe ya makaburi. Chumba cha mbele kilikuwa na meza ya kompyuta na skana. Cha nyuma kilikuwa na mashine ya kuchonga, na hapo ndipo alipofanya kazi mzee mmoja aliyeitwa Fundi Taratibu. Jina hilo alijipatia kwa sababu neno "taratibu" halikumbanduka mdomoni. Ukimletea maji ya kunywa, atakuambia, "Weka taratibu." Ukimsalimia kwa haraka, atakuambia usalimie taratibu.

"Kasuku!" aliita siku hiyo kutoka chumba cha nyuma. "Mbona kimya? Betri imeisha?"

"Shikamoo, fundi," alijibu Kasuku, basi.

Jina la Kasuku alipewa na kaka yake, kwa kuwa zamani alikuwa haishi maneno. Lakini kaka huyo hakuwepo tena. Homa ya uti wa mgongo ilikuwa imemchukua upesi mno. Jumapili alikuwa anacheka na kulalamika kuwa kichwa kinamuuma kidogo, na kabla wiki haijaisha walikuwa wanarudi kutoka makaburini. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano. Tangu hapo mama yao, aliyewalea peke yake, alikuwa hatoki nyumbani. Na Kasuku, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, maneno yalimkauka.

Mama aliomba kitu kimoja tu. Alitaka jiwe la kaburi liandikwe kwa mwandiko wa mwanawe mwenyewe, si kwa zile herufi za mashine ambazo kila mtu anazo. Kaka alikuwa na mwandiko mzuri hasa. Walimu walikuwa wakimwita aandike ubaoni matangazo ya shule.

"Kazi hiyo nitakufundisha wewe," mjomba alimwambia Kasuku. "Mimi najua programu, lakini wewe ndiye unayeujua mkono wake. Tutazichukua herufi kutoka kwenye madaftari yake, tuzitie kwenye kompyuta, uzichore upya moja moja. Mashine haisomi daftari. Inasoma mstari wa ukingo wa herufi, na inaufuata kama kipofu anavyofuata ukuta."

Maneno ya jiwe yalikuwa matatu: *Tunakukumbuka kila siku.* Ukihesabu, ni herufi kumi tu tofauti. Kasuku alidhani ni kazi ya alasiri moja.

Haikuwa hivyo. Alianza na u. Aliiruhusu programu iichore yenyewe kutoka kwenye picha, na ikatoka imejaa nukta kama mtoto mwenye surua. Alipoikuza, ukingo wake ulikuwa na vinundu kila mahali.

"Nukta zimezidi," alisema mjomba, akivuta kiti. "Kila nukta ni mahali ambapo mashine itasita. Futa karibu zote. Bakiza zile za mahali mkunjo unapogeuka, juu, chini, kushoto na kulia. Halafu vuta hivi vishikio vya pembeni ya nukta mpaka mstari ulainike."

Kasuku alifuta, akavuta, akakosea, akarudia. Herufi ya a nayo ilimtoa jasho. Tundu lake la katikati lilijaa weusi, ikawa kama jicho lililofumba. Mjomba alimwonyesha kuwa mstari wa nje na mstari wa tundu ilikuwa inazunguka upande mmoja, kwa hiyo programu ilidhani tundu ni sehemu ya mwili wa herufi. Aliugeuza mstari wa ndani uzunguke kinyume, na jicho likafumbuka. Kasuku alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mjomba alijifanya hajaona.

"Na hiki hapa ni kitufe cha kukagua," mjomba alisema. "Ukimaliza herufi zote, bonyeza. Penye kosa patatokea duara jekundu. Ukiona duara jekundu, simama. Usilipite hata kama ni dogo namna gani."

Baada ya siku kadhaa zilibaki herufi chache, kisha ikabaki moja. Hiyo ilikuwa k.

K ya kaka haikufanana na ya mtu yeyote. Alikuwa anashusha mstari mrefu, anapinda kitanzi kidogo katikati bila kuinua kalamu, halafu anaurusha mguu mbali, chini ya herufi inayofuata. Kasuku alizungusha nukta kando ya wino, akafika kwenye kitanzi, mistari ikapishana. Nukta ya mwisho haikukutana na ya kwanza. Alibonyeza kitufe cha kukagua. Duara jekundu likatokea juu ya k.

Aliikuza ili aone vizuri. Ule mguu ukajaa kioo kizima. Aliona mahali kalamu ilipokandamiza karatasi, mahali wino ulipojaa, mahali mkono ulipoharakisha. Ilikuwa kama kaka ameketi pale pembeni yake, kiwiko mezani, ulimi umetokeza kidogo kama kawaida yake anapoandika. Alijikaza kisabuni, akashindwa. Aliirudisha k kuwa ndogo haraka. Ikiwa ndogo, ilionekana haina neno. Hapo chini palikuwa na kitufe kingine kilichoandikwa *Puuza*. Akakibonyeza. Duara jekundu likatoweka.

"Umemaliza?" aliuliza mjomba, aliyekuwa anatoka kwenda kupima ukuta wa mteja. Jiwe lilitakiwa makaburini Jumamosi, na ndugu wa mbali walishaarifiwa.

"Nimemaliza."

"Umekagua zote?"

"Zote, mjomba."

Fundi Taratibu alikuwa na desturi ya kujaribu kila kazi kwenye ubao wa mbao kabla ya kugusa jiwe. Siku hiyo alisimama mlangoni akifuta mikono. "Binti, nijaribu kwanza kwenye ubao, au ni safi?"

Kasuku alifikiri kwamba akimwambia ajaribu, kosa litaonekana, na atalazimika kuifungua tena ile k. "Ni safi, fundi," alisema.

Fundi alilifunga jiwe kwenye meza ya mashine, akakaza skrubu moja moja, akawasha. Maji yakaanza kutiririka. T ilitoka vizuri, kisha u, n, a. Kasuku alisimama nyuma ya fundi na kucha mdomoni. Ncha ya chuma ilifika kwenye k ya kwanza, ikashuka, ikaingia kwenye kitanzi. Halafu, badala ya kurudi, ilinyooka moja kwa moja na kulikata jiwe kutoka katikati hadi ukingoni, huku ikitoa sauti iliyowasimamisha nywele. Fundi aliruka kuzima mashine. Alikuwa amechelewa.

Walisimama wakilitazama. Mkwaruzo ule ulikuwa na kina cha kucha, mweupe, umelikata jiwe kama kovu.

Mjomba aliporudi, hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Aliupitisha mkono kwenye mkwaruzo, akauliza taratibu mno, "Nini hiki, fundi?"

"Sielewi, bosi. Ilikwenda vizuri, kisha ikakimbia."

"Hukujaribu kwenye ubao?"

"Binti aliniambia kazi ni safi."

Mjomba alimgeukia Kasuku. "Ulikagua?"

"Nilikagua."

"Ulikuta kosa lolote?"

Maji yalidondoka kutoka kwenye meza ya mashine. Kasuku alitamani ardhi ipasuke immeze. "Hapana," alisema.

"Basi jiwe lilicheza," alisema mjomba. "Hukulikaza, fundi. Nimekuambia mara ngapi kuhusu macho yako? Hili si jiwe la mteja wa barabarani. Hili ni la mwana wa dada yangu." Sauti yake ilikatika. "Nenda nyumbani. Nikikuhitaji nitakuita."

Fundi Taratibu aliangalia mikono yake, akaangalia skrubu. Alilikunja koti lake la kazi, akalitia kwapani, akatoka bila kuaga. Hakusema taratibu.

Nyumbani, mama alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda cha kaka. Mjomba alimweleza kwa kifupi akiwa amesimama mlangoni, kisha akaondoka. Mama hakulia. Aliketi vile vile mpaka chakula kikapoa, na Kasuku naye hakula.

Kesho yake ilikuwa vile vile. Kasuku alirudi kutoka shuleni akamkuta mama na kanga ile ile, mahali pale pale. Alimletea uji. Mama alishika kikombe bila kunywa.

"Hata jiwe limekataa," mama alisema, kama anayezungumza na ukuta. "Nimeomba kitu kimoja. Kimoja tu. Huyo mzee na mikono yake mizembe ameniulia mwanangu mara ya pili. Mungu atamlipa."

Kumuona fundi akifukuzwa kulimuuma, lakini alikuwa amejipa moyo kwamba mjomba atamwita tena hasira ikipoa. Sasa mzee yule alikuwa analaaniwa, na laana ile ilikuwa inakosea njia. Ilikuwa yake.

"Si yeye, mama."

"Nini?"

"Si fundi. Ni mimi." Maneno yaliyokuwa yamekauka wiki zote zile yalimtoka kwa pamoja, yakikanyagana. "K ilikuwa na kosa. Mashine ya kompyuta iliniambia. Ilinionyesha duara jekundu, nikalifuta. Sikuweza kuitazama, mama. Ilikuwa kubwa, ilikuwa kama yeye. Fundi aliniuliza, nikamwambia ni safi. Mjomba aliniuliza, nikasema hapana. Nilisema uongo mara zote."

Kasuku alingoja kofi. Halikuja. Mama aliweka kikombe chini, akasimama kwa kushikilia ukuta kama mgonjwa, akafungua kabati.

"Nitafutie viatu vyangu," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza mama kuvuka kizingiti tangu mazishi. Majirani waliinua vichwa, wakasalimu kwa sauti za chini. Walipofika karakana, mama alimsukuma Kasuku mbele kidogo. "Mwambie mjomba wako ulichoniambia."

Aliposikia yote, mjomba alikaa kwenye kiti cha kompyuta kama aliyekatwa miguu. Akaifungua k, akaikuza. Pengo lilikuwa pale, kati ya nukta mbili, wazi kama mlango uliosahauliwa.

"Na mimi nikamfukuza mtu," alisema. "Nilikuwa na hasira, nikamtafuta wa kumtupia. Wala sikufungua faili kuangalia. Twendeni."

Fundi Taratibu aliishi kwenye chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga nafaka. Walimkuta ameketi kwenye ngazi ya mlango na beseni la maji mapajani, akisugua koti lake la kazi lililokwisha kutakata. Aliendelea kusugua hata alipowaona.

Kasuku alipiga magoti, akasema yote. Hakuruka hata pale alipobonyeza kitufe. Fundi alisikiliza huku maji yakimdondoka kwenye vidole.

"Unajua nimekuwa nikifanya nini tangu jana?" aliuliza hatimaye. "Nimekuwa nikiitazama hii mikono. Nilikuwa nimeshaamini, binti. Nilisema, kumbe nimezeeka, sikukaza skrubu, na sikumbuki kwamba sikukaza. Kilichoniumiza si kufukuzwa. Mtu asipoiamini mikono yake, anaamka asubuhi afanye nini?"

"Nisamehe, fundi."

"Nitakusamehe," alisema fundi. "Lakini si leo. Leo bado inauma."

Mjomba naye aliinamisha kichwa akaomba radhi, tena kwa sauti, majirani wakisikia. Fundi alilikamua koti, akalianika kwenye kamba. Kisha akauliza, "Jiwe mmelitupa?"

"Bado lipo."

"Lina mgongo," alisema. "Tutaligeuza."

Jumamosi ilipita bila jiwe. Ndugu waliarifiwa wasije. Shangazi mmoja alinung'unika sana kwenye simu, na aliyeshika simu kumweleza sababu alikuwa Kasuku mwenyewe. Mama alisimama pembeni, hakumsaidia hata neno.

Mgongo wa jiwe ulikuwa haujalainishwa. Mashine ya kulainishia ilikuwa kubwa mno kwa jiwe lile dogo, kwa hiyo ilibidi kulisugua kwa mkono, kwa maji na mchanga, kisha mchanga laini zaidi, kisha kitambaa. Kila alasiri Kasuku alisugua upande mmoja na fundi upande wa pili. Viganja vya Kasuku vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine. Fundi hakumwambia apumzike, naye hakuomba. Siku za kwanza walisugua kimya kimya. Baadaye kidogo fundi akasema, "Taratibu, binti, unalikwangua kama sufuria," na Kasuku akajua kitu fulani kimeanza kulainika zaidi ya jiwe.

Siku ya kurekebisha k, mama alikuja akavuta kiti. Kasuku aliikuza herufi mpaka ikajaa kioo. Mama aliona ule mguu mrefu, akashika mdomo, machozi yakamshuka. Lakini hakuangalia pembeni, na Kasuku naye akaona kwamba inawezekana kulia huku unafanya kazi.

"Hapa mistari inapishana," alisema, akivuta pumzi. "Nitaizungusha yote kwa nje, mstari mmoja. Halafu kitanzi nitakipa mstari wake wa ndani, uzunguke kinyume."

Alifuta nukta za kitanzi, akapanga upya. Mara ya kwanza tundu lilijaa weusi. Mara ya pili mguu ulivimba kama una maji. Aliendelea kufuta na kuvuta vishikio, mpaka mama akasema kwa sauti ndogo, "Hapo. Alikuwa anaurusha hivyo." Kasuku aliivuta nukta ya mwisho mpaka ikaikalia ya kwanza. Pengo likafungika. Akabonyeza kitufe cha kukagua. Hakukutokea duara lolote. Hakuamini, akakagua tena, kisha akamwita mjomba akague, na mjomba akamwita fundi.

"Na ubao?" aliuliza fundi.

"Tuanze na ubao," alisema Kasuku.

Walichonga kwenye ubao, wakautazama juani, wakapitisha vidole kwenye kila k. Ndipo fundi alipolifunga jiwe. Safari hii alimpa Kasuku bisibisi ili akaze skrubu ya mwisho. Ncha ya chuma ilishuka, ikapinda kwenye kitanzi, ikatoka, ikaurusha mguu chini ya u, ikarudi ilikoanzia. Ikaenda hivyo hivyo mpaka mwisho wa maneno. Mashine ilipozimwa, mzee alimgusa Kasuku begani mara moja, akaenda kunawa.

Mjomba alitaka kuuziba ule mkwaruzo wa upande wa pili kwa unga wa mawe na gundi. Mama alikataa. "Uache," alisema.

Walilipeleka jiwe makaburini asubuhi moja yenye mawingu, wao wanne tu. Fundi alichanganya saruji, mjomba akashika upande wa juu, wakalisimamisha. Mama alisoma maneno yale bila kutoa sauti, midomo ikichezacheza, kisha akamwita binti yake karibu.

"Mwanangu, nataka unisikilize," alisema. "Ulipokosea kuichora ile k, hukufanya dhambi. Ulikuwa unajifunza, na ulikuwa na uchungu, na mimi mama yako sikuwepo kukusaidia kuubeba. Kosa la aina hiyo mtu anasema, 'Hapa nimeshindwa, njooni mnisaidie,' linakwisha. Ungesema siku ile ile, tungeifungua pamoja. Lakini ulipolificha, liliondoka mikononi mwako likaenda kumkata mtu mwingine. Likamfikia mzee wa watu mpaka akaanza kuiogopa mikono yake. Likanifikia mimi, nikamlaani asiye na hatia. Uongo ukishautoa huwezi kuuchagulia pa kwenda. Utakosea tena katika maisha, na mara nyingi. Ukikosea, sema kosa likiwa bado ni lako mwenyewe, kabla halijawa msiba wa mtu mwingine. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Haya. Msaidie fundi."

Kasuku aliokota ndoo na mwiko, akaenda bombani kuviosha kabla saruji haijagandia.